Baba na chokra katika baraza moja

Tulikuwa tumekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, watu wazima wamejinyoosha mikekani wakingoja jua lipoe. Mtoto wa dada yangu, wakati huo yuko darasa la nne, alikuwa dirishani akizozana na mwenzake aliyekuwa chini njiani. Nikamsikia akimrushia: "Chokoraa we!" Mama yake akainuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamvuta sikio, akamwambia maneno hayo hayasemwi nyumbani humu, na kwamba huyo mwenziwe ana wazazi wake kama yeye alivyo na wake. Babu, ambaye sote tulidhani kalala, akacheka huku macho kayafumba.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Hilo lilikuwa jina langu la kazi."

Mimi babu nilimjua kama karani mstaafu wa bandari, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na gazeti lililokunjwa mara nne. Kabla ya bandari alikuwa nani, sikuwahi kumuuliza. Siku ile akatueleza. Vita vya Hitler ndio kwanza vimekwisha, yeye ana miaka kumi hivi, baba yake kafariki. Mama yake akampeleka kwa Mhindi wa vitambaa katika mtaa ambao leo Mombasa nzima huujua kwa jina la Biashara Street. Duka chini, nyumba juu. Kazi yake ilikuwa kufagia kabla milango haijafunguliwa, kuteka maji, kukuna nazi, na kushika ncha ya jora wakati mwenye duka akipima wari. Mama wa nyumba hashuki ngazi. Akitaka kitu huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirisha la juu, ndani yake mna senti kumi ile yenye tundu, ya kununulia ndimu au dania, kisha hupaza sauti: "Chhokra!"

Mama huyo alikuwa na mwanawe wa kiume, umri mmoja na babu. Huyo aliitwa "babo".

"Dirisha moja, sauti moja," babu akasema. "Akiitwa babo, ni chakula. Nikiitwa mimi, ni kikapu."

Nami kazi yangu ni kutafsiri, na mtafsiri akitegewa neno hawezi kulala. Nilianza kulifuata hilo chhokra nikidhani litaniishia hapo hapo Biashara Street. Likanipeleka Bombay, likanipeleka London, na lilipomaliza kunizungusha likanirudisha dirishani kwetu, kwa mtoto wa darasa la nne.

Neno lenyewe ni la kawaida kabisa. Kwa Kihindi, chhokra ni mvulana, chhokri ni msichana. Kwa Kigujarati, lugha ambayo wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa pwani yetu waliizungumza, chhokro ni mvulana tu, bila kejeli. Mzazi hulisema kwa mwanawe na jirani kwa mtoto wa jirani. Kwa Kihindi lina ukali kidogo, mfano wa "kitoto" au "kijana we" linapotoka kwa mtu aliyekunja uso. Hiyo chh ya mwanzo hutamkwa kwa pumzi. Mtu wa Mombasa hafundishwi jambo hilo: kwetu chungu cha kupikia na chungu wanaotambaa ukutani huandikwa sawa, lakini anayezaliwa Kimvita hawachanganyi hata siku moja, kwani wale wadudu wana pumzi na chombo hakina.

Waingereza walipoishi India miaka kwa mamia, walilichukua neno hilo wakalitia katika Kiingereza chao, likaandikwa chokra, pumzi ikaanguka njiani. Liko katika kamusi maarufu ya Kiingereza cha India iliyochapishwa 1886, kazi ya watu wawili: Henry Yule, aliyekuwa mhandisi wa jeshi huko Bengal, na A. C. Burnell, hakimu wa upande wa Madras na bingwa wa Kisanskriti, ambaye alifariki 1882 bila kukiona kitabu. Jina la kamusi ni Hobson-Jobson. Jina hilo lilinichekesha nilipojua lilikotoka. Askari wa Kiingereza waliona maandamano ya Muharram, wakasikia waombolezaji wakipiga vifua na kulia "Ya Hasan! Ya Husayn!", na masikio yao yakawapa Hobson-Jobson. Aliyewahi kusimama kando ya njia siku ya Ashura, Mombasa au Unguja au Dar es Salaam, ajaribu kuusikia mlio huo kwa sikio la askari aliyetoka mashambani Uingereza. Si mbali.

Basi humo ndani chokra ni mvulana, na kwa umahususi zaidi ni mvulana wa kazi, nyumbani au katika kikosi cha jeshi. Hapo pana hatua moja ndogo ambayo kamusi huipita haraka, mimi ndiyo iliyonishika. Neno la umri limegeuka neno la kazi. Kihindi chenyewe kilikuwa kimeshaanza kulisukuma huko, kwani tajiri wa Kihindi naye alikuwa na mvulana wake wa kutumwa. Lakini Mgujarati alibaki na maana zote mbili, ya mwanangu na ya mvulana wa kazi. Mwingereza alichukua moja. Mwanawe mwenyewe hakuwa chokra, hata awe mtundu namna gani.

Mwanawe alikuwa baba.

Naam, baba. Hobson-Jobson wanalo hilo pia. Watoto wa Kizungu India waliitwa baba, na wote pamoja waliitwa baba log, yaani kina baba, watu-baba. Msichana alikuwa missy baba. Watumishi waliwaita hivyo, na wazazi nao wakafuata. Henry Yule na mwenziwe Burnell walilikunia kichwa. Neno hilo asili yake lina maana ya mzazi, wakasema, na wenyeji hawalitumii kwa watoto wao kwa mtindo huu, angalau si kwa mazoea. Wakaona huenda neno la Kiingereza la mtoto mchanga ndilo lililoingiza mkono.

Huenda. Lakini wangalikuwa na shangazi wa Kiswahili wangepunguza wino. Nyumbani kwetu kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akiingia na homa mama humwambia: "Pole baba, njoo ukae hapa." Dada yangu alikuwa "mama" tangu ananyonya. Mtoto wa kiume ana jina la babu yake, kwa hiyo kumwita kwa ukali ni kumkosea mkwe, na kumbembeleza ni kumpa cheo cha mzee. Waarabu nao hufanya vivyo hivyo, tena kwa namna inayozunguka zaidi: baba Mwarabu humwita mwanawe "baba", mama humwita "mama", kama kwamba kila mzazi anamtazama mtoto na kujiona. Wahindi wenyewe humwita binti "beta", ambalo ni neno la mtoto wa kiume. Kumbembeleza mtoto kwa kumpandisha daraja ni jambo la kale pande zote za bahari hii. Haikuhitaji Kiingereza.

Ila nikubali upande wao mmoja. Mama akisema "pole baba" kwa mwanawe ni mapenzi. Mtumishi wa miaka hamsini akisema "ndiyo baba" kwa mtoto wa bwana wake mwenye miaka minne, mapenzi yanaweza kuwemo, na mara nyingi yalikuwemo, lakini humo mna pia mshahara. Neno ni lile lile. Nadhani ndiyo maana likaenea haraka hivyo. Lilimruhusu mtu mzima kumtii mtoto bila kuona aibu, kwani masikioni lilikuwa na harufu ya ukoo.

Sasa wachukue watoto wawili hawa uwaweke katika baraza moja. Nyumba ya afisa, Bombay au Lucknow, miaka ya 1860 na kitu. Huyu ana miaka mitano, anavaa kofia kubwa ya jua, anafuatwa na aya, yaani mlezi wake. Yule ana miaka minane au tisa, anapeleka maji ya kunawa, anashika viatu, anaokota mipira uwanjani watu wazima wakicheza, na pengine anashika kamba ya pankha, kile kitambaa kikubwa cha darini kinachovutwa ili kipepee. Wote wawili ni watoto kwa jicho la mtu yeyote anayepita. Kiingereza cha nyumba hiyo kina maneno mawili ya Kihindi ya mtoto, na kimewagawia moja moja.

Na lugha iliyopita baina ya watoto hao haikuwa Kiingereza. Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza, alizaliwa Bombay tarehe 30 Desemba 1865, baba yake akifundisha shule ya sanaa huko. Aya wake alikuwa Mkatoliki ambaye yeye mwenyewe alimwita Mreno, na mtumishi wake wa kiume alikuwa Mhindu. Uzeeni aliandika kwamba walipovishwa nguo na kupelekwa kwa wazazi chumba cha kulia, watumishi waliwakumbusha yeye na dada yake wazungumze Kiingereza na Baba na Mama. Nao wakazungumza Kiingereza kwa kukwamakwama, wakikitafsiri kutoka lugha waliyoiwazia na kuiotea ndoto. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara huona huyo mtoto amesimama mlangoni anabadilisha lugha kama anayebadilisha viatu.

Haikudumu. Mwaka 1871, kabla hajatimiza miaka sita, alipandishwa meli na dadaye mdogo, wakaachwa Southsea, Uingereza, kwa watu wasiowajua waliolipwa kuwalea. Ndiyo iliyokuwa desturi ya tabaka lao. Waliogopa homa, na nadhani waliogopa pia ile lugha ya ndotoni. Baba aliondolewa barazani akapelekwa kutengenezwa awe bwana. Chokra akabaki.

Aya naye alisafiri, hilo wengi hawalijui. Familia zilizorudi Uingereza zilimchukua alee watoto melini, na wakishafika baadhi yao walimwacha London bila nauli ya kurudi. Walikuwa wengi kiasi cha kuwekewa nyumba ya kuwapokea. Kuanzia 1900 nyumba hiyo ilikuwa Hackney, King Edward's Road, namba 26, chini ya wamisionari wa jiji. Mwaka 2022 iliwekewa bamba la buluu ukutani, aina ile wanayowawekea watu mashuhuri. Jina aya wenyewe Wahindi walilipata kwa Wareno, aia, mlezi. Ukilisema kwa haraka utaona kwamba yaya wetu hakutoka mbali.

Maneno mengine ya kundi hili yalikwenda Uingereza na askari na hayakurudi. Mwanajeshi wa Kiingereza mahandakini Ufaransa, 1916, aliita kwao Blighty, na hilo ni neno la Kihindi bilayati, la kigeni, la ng'ambo, ambalo mzizi wake ni wilaya ya Kiarabu. Mzizi huo huo ndio uliotupa sisi Ulaya. Askari alikuwa akililia Ulaya kwa Kihindi, wala hakujua. Lakini niko nje ya njia.

Chokra ana tabia moja ambayo babu aliieleza vizuri kuliko kamusi. Nilimuuliza alikuwa chokra mpaka lini. Akasema alipoondoka dukani alikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu zimeota, na kikapu kikiteremka bado aliitwa vile vile. "Yule babo kwa wakati huo alishakuwa bhai," akasema. Bhai ni ndugu, ndilo jina la heshima la mwanamume kwa Wagujarati. Aliyekuwa mtoto kwa umri alikua. Aliyekuwa mtoto kwa kazi hakukua.

India ya Waingereza ilijaa wavulana wa namna hiyo wenye mvi. Kwetu pia. Neno boi lilipofika pwani na bara lilimkuta mtu mzima mwenye wake na watoto, likamkalia kichwani, na hadi leo Kenya utasikia mtu akimtaja shamba boi wake, mzee ambaye wajukuu zake wako chuo kikuu. Tusiwanyooshee wengine vidole tukasahau vyetu vitatu: msichana wa kazi kwetu anaweza kuwa na miaka arobaini na mitano. Tanzania ana majina mengi zaidi, hausigeli, dada wa kazi, beki tatu, na ni hilo la dada peke yake linalomruhusu kuzeeka kidogo.

Wazungu waliokuja Afrika Mashariki hawakuja mikono mitupu kwa lugha. Wengi walipitia India au walihudumiwa na waliotoka India. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Ziwa Viktoria 1901, na karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Fedha ya makoloni haya ilikuwa rupia hadi 1920. Mzungu wa Nairobi alimwita mke wa mwenzake memsahib, akapeleka nguo kwa dobi, akasema gari. Sisi wenyewe tulishaazima maneno mengi ya huko zamani, mengine hata hatuyaoni tena: laki, bima, gunia, bangili, na bepari, ambaye alikuwa mfanyabiashara tu kabla ya wanasiasa kumtia pembe.

Kwa hiyo ungetegemea Mzungu wa mashamba ya Kenya aje na chokra wake. Alikuwa na kijana yule yule: anakata kuni, anaosha masufuria, anashika farasi, anatumwa na mpishi. Lakini jina akalichukua kwetu. Alisikia mtoto, akaikata ile m ya mbele, ikabaki toto, na toto akawa neno la Kiingereza la Kenya. Toto wa jikoni. Toto wa shambani. Ukisoma barua na kumbukumbu za walowezi utakutana nao kila ukurasa, hawana majina, wanaingia na sinia, wanatoka.

Niliposoma hivyo ndipo chokra alipoacha kuwa neno la watu wengine. Mtoto ni neno ambalo Kiswahili kimelipa heshima nyingi. Mtoto wa watu. Mtoto wa mjini. Mwanamume wa Lamu wa miaka sitini, mama yake akiwa hai, bado ni mtoto wa fulani na halimpunguzii kitu. Kukatwa ile m si mzaha wa matamshi tu, maana ile m ndiyo inayotuambia kwamba hapa pana mtu. Bila hiyo kuna toto, na toto kwa Kiswahili ni jitu kubwa la kitoto, au ni kinda la mnyama. Najua mlowezi hakuyawaza haya. Alisikia vibaya, kama yule askari wa Muharram. Lakini kusikia vibaya kukishakaa miaka hamsini huwa ni lugha.

Nirudi kwa chokoraa, maana dada yangu alinidai jibu. Kuna wanaosema neno hilo ni la kwetu, limetokana na kuchokora, yaani kuchokonoa, kufukua kwa kijiti: mtoto anayechokora jaani akitafuta chupa na vyuma. Inaingia akilini, na kwa anayeiona Nairobi ya leo inaingia zaidi. Ila kamusi za Kiswahili za zamani zinalo chokora jingine, nomino, mtu wa kutumwa jikoni, anayeshinda kwa watu akiwategemea kwa chakula na kazi ndogondogo. Huyo hachokori jaa. Huyo ni babu yangu na kikapu chake. Ukiuliza rai yangu, maneno mawili yalikutana: chhokra alishuka jahazini akiwa mvulana wa kazi, akakuta kitenzi kinachofanana naye kwa sauti, na miji ilipoharibika wakaungana wakawa mtu mmoja. Maneno hufanya hivyo. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, watoto wa mitaani Nairobi walijulikana zaidi kama parking boys, kwa kuwa walimwonyesha dereva nafasi ya kuegesha gari na kungoja senti. Tazama, hata wao walianza kwa jina la kazi. Kazi ikatoka, likaja jina lisilo na kazi ndani yake, na hilo ndilo linalouma.

India nako maneno yamehama. Siku hizi chokra ni neno la wazee na la vitabu. Vijana wa Mumbai, ndiyo ile Bombay ya zamani, hulitumia kwa utani. Anayekuletea chai katika kibanda cha barabarani, glasi sita ndogo ndani ya kichukulio cha waya, anaitwa chhotu. Maana yake ni kadogo. Kila kibanda kina chhotu, na mteja ambaye hajawahi kufika hapo atapaza sauti "Chhotu!" na mtu ataitika. Sheria ya India ya kudhibiti ajira ya watoto ni ya 1986. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 2006 ikapiga marufuku walio chini ya miaka 14 kufanya kazi za nyumbani na za migahawa, na 2016 ikakazwa ihusu kazi zote isipokuwa za kusaidia familia baada ya shule na mambo machache mengine. Kwa hiyo chhotu wa leo huwa ana miaka kumi na minne anapoulizwa na afisa.

Baba yeye hakuhama. Katika nyumba za wenye nacho za Mumbai, mpishi na dereva bado humwita kijana wa nyumba baba, na dada yake bebi. Mashabiki wa filamu za Kihindi, na kwetu wako kila mtaa, wanamjua Sanjay Dutt kwa jina la Sanju Baba. Mzazi wake mmoja alikuwa nyota na mwingine alikuwa nyota, kwa hiyo alikuwa baba tangu kitandani, na mpaka sasa amezeeka bado ni baba. Nilipomweleza babu hili alitikisa kichwa. "Basi na wao hawakui," akasema. Sikuwa nimelifikiria hivyo.

Familia ile ya vitambaa iliondoka mapema 1968, katika ile miezi ambayo Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walikimbilia ndege kabla London haijafunga mlango. Sheria ya kuwazuia ilipitishwa Machi mwaka huo. Walikwenda Leicester. Duka likachukuliwa na watu wengine, dirisha la juu likatiwa vyuma.

Miaka mingi baadaye, babu keshastaafu, mzee mmoja wa Kihindi aliyevaa viatu vyeupe vya mpira alionekana Biashara Street akiuliza duka hadi duka. Alikuwa na mjukuu wake wa kike aliyepiga picha kila mlango. Mwenye duka mmoja wa leso, mtu wa kwetu, akatuma kijana kuja kumwita babu. Babu akavaa kanzu, akaenda.

Anasema walitazamana, na kwanza hakuna aliyemjua mwenziwe. Kisha yule mgeni akatazama juu dirishani, akafanya kwa mikono yake kama anayeteremsha kamba, na wote wawili wakacheka mpaka mjukuu akaogopa. Wakaagizwa chai. Kiswahili cha mgeni kilikuwa kile kile cha dukani, hakikuongezeka wala kupungua: lete, weka, kesho, bei gani. Wakataja waliokufa. Wakataja mbwa. Ilipofika saa ya kuagana, mgeni akaona haya, akamshika babu mkono, akasema kwa miaka yote hii anamkumbuka lakini kuna kitu kimoja hakukijua wala nyumbani kwao hakuna aliyekijua, kwani hawakuwahi kuuliza.

Mjukuu akatoa risiti mkobani, wakaigeuza nyuma, babu akatamka taratibu, mgeni akaandika kwa kalamu ya mwenye duka.

"Aliandika jina langu vizuri tu," babu akatuambia, sasa macho kayafumbua, anamtafuta kitukuu chake ambaye alikuwa bado amenuna dirishani. "Nikamwambia, ngoja, usikunje. Tia na la baba."